Mwanaume Aliyesema Stars Imeshinda

Epifania hakuwa na ugomvi na mpira. Ugomvi wake ulikuwa na mwanaume ambaye miaka yote hakujua mpira unaingia golini kwa mlango gani, halafu mwezi wa kwanza, mahindi yamefika magotini na matope yamejaa kila uchochoro wa Kizwite pale Sumbawanga, akaamka asubuhi moja ni shabiki.

Mwanaume mwenyewe alikuwa Maganga, Msukuma wa kule bonde la Ziwa Rukwa. Alipanda mlima na maksai wake kuja kulimia watu mashamba, akamkuta Epifania sokoni anauza dagaa wa Wampembe, na bondeni hakushuka tena. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Vijana wa sokoni wakimbana aseme yeye ni Simba au Yanga, alikuwa akijibu, "Mimi ni ng'ombe," wanacheka, yanaisha.

Sasa huyo huyo, Jumatano ambayo Taifa Stars ilicheza na Morocco kule Ivory Coast, alirudi kutoka shamba mapema, akaoga, akavaa shati lake la bluu na kulifunga vifungo hadi shingoni.

"Unakwenda wapi, Baba Herieth?"

"Bandani, kule karibu na stendi. Kuangalia Stars."

"Stars wewe?"

"Afcon imeanza, mama. Taifa linacheza."

Alitamka hilo taifa kwa uzito kama mkuu wa wilaya, akatoka. Aliporudi alisema, "Tumefungwa." Epifania akauliza ngapi. "Nyingi," akasema Maganga, akavuta sahani ya ugali.

Hilo lilikuwa kweli, mji mzima ulikuwa umenuna. Lakini Epifania alikuwa na kaka, wajomba na shemeji, na anajua mtu anayetoka kwenye banda la mpira anavyorudi. Anarudi sauti imekauka, ananuka jasho la wenzake na moshi wa sigara, na kabla hajakaa ameshamtukana kocha. Maganga alirudi ananuka sabuni ile ile aliyoogea. Tena nani anafunga kifungo cha shingo kwenda kubanana na vijana kwenye benchi la mbao?

Asubuhi yake akaenda zizini kumpelekea chai, akamkuta amesimama katikati ya maksai, uso ameuelekeza juu, midomo inacheza. Alikuwa akisema maneno chini chini, anasimama, anarudia. Aliposikia ndara za Epifania alinyamaza ghafla, akaanza kumgombeza ng'ombe ambaye hakuwa amefanya lolote. Epifania aliweka chai juu ya kigogo na kuondoka.

Hapa inafaa ijulikane kilichokuwa kinamla roho huyu mama, asije akaonekana ana wivu wa bure. Epifania ni Mkatoliki wa kijiji cha Msanzi, wa ukoo ambao mtoto anajua kupiga ishara ya msalaba kabla hajajua kufuta kamasi. Maganga hakuwa amebatizwa. Walikuwa wanaishi tu, wana mtoto wao Herieth, wana nyumba ya bati, lakini ndoa hawana, na kwa sababu hiyo Epifania hapokei komunyo. Padre alishamwambia kuna ruhusa ya kufunga ndoa na asiyebatizwa. Mama yake kule Msanzi akaapa kwamba harusi ya namna hiyo hataikanyaga. Basi kila Jumapili, wenzake wanaposimama kwenda mbele, Epifania hubaki kwenye benchi peke yake, akavuta magoti pembeni ili watu wapite. Wengine humwambia samahani. Wengine humpita tu, na kitenge kinamgusa usoni.

Zamani kidogo Maganga aliwahi kujaribu. Alikwenda mafundisho, Epifania akawatangazia watu wote, mama yake akaandaa pombe ya ulezi. Siku padre alipomuuliza maswali Maganga alikuwa bubu. Alitoka kanisani na kofia yake mkononi, na pombe ile ikanywewa na majirani ambao hawakujua waseme pole au hongera. Tangu hapo habari hiyo haikuzungumzwa tena ndani ya nyumba ile.

Na baada ya mavuno shangazi yake Maganga alipanda kutoka bondeni kuwasalimia. Akakaa, akala, akamtazama Herieth, akauliza, "Maganga, nyumba kubwa hivi ina mtoto mmoja?" Kisha akataja binti mmoja wa kule kwao, mwenye adabu, mwenye baba wa ng'ombe wengi. Maganga alicheka tu. Hakusema ndiyo, wala hapana hakuisema. Kicheko kile kilimkaa Epifania kifuani kama mwiba wa samaki kooni.

Jumapili Stars wakacheza na Zambia. Hapo Sumbawanga ilichemka, maana Zambia si nchi ya mbali kule, ni mpaka tu huo, kila mtu ana binamu upande wa pili wa kumtania. Maganga akaoga, akavaa shati la bluu, akafunga kifungo cha shingo, akaondoka. Kulipoingia giza Epifania alisikia kelele zimelipuka mji mzima, mabanda yote kwa pamoja, mpaka mbwa wakabweka. Kisha mvua ikashuka juu ya mabati, na baada ya hapo hakuna aliyesikia lolote.

Mvua ilipokatika Maganga akarudi, viatu mkononi. "Tumeshinda," akasema.

"Kweli?"

"Moja bila. Hukusikia watu walivyopiga kelele?"

Alikuwa amesikia. Akamwekea chakula, akamwongezea na kipande cha samaki, mgebuka, alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kesho. Alijiona mjinga kwa mawazo aliyokuwa nayo, akalala vizuri usiku ule.

Jumatatu alimkuta kaka yake mdogo, Raymond, amekaa kwenye ngazi ya kibanda chake cha kinyozi, jirani na meza yake ya dagaa, shavu mkononi. Wateja wawili walikuwa wanamngoja, wao pia mashavu mikononi.

"Mbona mmepoa hivyo? Si mmeshinda?"

Raymond alimwangalia kama mtu aliyetukanwa kwao. "Nani ameshinda?"

"Stars. Moja bila."

"Dada, usinichezee asubuhi. Sare. Tumeongoza karibu mpira mzima, wao wako pungufu, mtu wao kala kadi nyekundu. Tumebakiza dakika za kuhesabu kwa vidole, wamerudisha. Sijalala."

"Shemeji yako kaniambia mmeshinda."

"Shemeji kaangalia wapi?"

"Bandani, karibu na stendi."

Raymond akatikisa kichwa. Ilikuwa wazi kwamba hapo hakuwa anafikiria shemeji wala dada, alikuwa anafikiria taifa. "Sikiliza nikwambie, dada yangu. Themanini, Lagos, mimi na wewe hatujazaliwa. Nigeria wakatupiga tatu moja. Misri mbili moja. Ivory Coast, sare. Tukarudi nyumbani, tukakaa nje miaka thelathini na tisa tunaangalia wenzetu wanacheza. Elfu mbili kumi na tisa, tukaenda Misri. Senegal katufunga. Kenya katufunga, dada, Kenya, tena tumeongoza mara mbili! Algeria ndiyo usiseme. Mwaka huu Morocco tatu bila, na jana ndiyo hiyo. Fainali za Afcon hatujawahi kushinda mechi. Hata moja, tangu Mungu aumbe mpira. Jana tungeshinda, ningekuja kukugongea mlango wako na sufuria."

Epifania alisimama na kopo la kupimia dagaa mkononi.

"Kwa hiyo mtu anayesema Stars imeshinda..."

"Anayesema Stars imeshinda Afcon, huyo hakuwa kwenye mpira," akasema Raymond, akainuka kumnyoa mteja.

Siku nzima ile Epifania aliuza dagaa kwa kukosea, wengine aliwapa zaidi, wengine pungufu. Alijua anaishi na mtu mpole, asiyejua kudanganya. Kumbe hakujua kudanganya kwa maana ya kwamba anadanganya vibaya. Jioni alimkazia macho wakati wa kula, lakini hakumuuliza. Alitaka kwanza ajue.

"Stars wanacheza lini tena?" alimuuliza Raymond kesho yake.

"Jumatano, na Kongo. Saa tano usiku, wametuweka mchana wa wachawi."

Jumatano jua halijazama, Maganga alikuwa ameshaoga. Shati la bluu. Kifungo cha shingo.

"Leo ni nani, Baba Herieth?"

"Kongo."

"Mapema hivi?"

"Nawahi nafasi ya kukaa."

Epifania alimwacha afike kwenye kona, akamwambia Herieth asifungue mlango, akajitupia kanga kichwani na kumfuata. Kwa mtu mrefu kama yule hata mjinga anaweza kumfuata. Njia ya stendi ilipofika, Maganga hakuitazama hata kwa jicho moja. Alishuka njia ya Malangali, akaruka mfereji, akapita kwenye mikaratusi, akafika kwenye nyumba ya tofali za kuchoma ambayo Epifania hakuijua. Akabisha hodi huku ananyoosha shati lake.

Aliyefungua alikuwa msichana. Mzuri, kitenge kipya. Akachuchumaa pale pale kizingitini, akainamisha kichwa na kupiga makofi taratibu, ya heshima, viganja vimekingamana. Maganga akaitikia, akainama asigonge kichwa, akaingia. Mlango ukafungwa.

Epifania alishika mti. Hayo makofi aliyajua kuliko mtu yeyote. Kwao Msanzi wanawake wanampigia mkubwa, wanampigia mkwe, wanampigia mume anaporudi safari. Mjini wasichana wameshaacha, wanasema mambo, unawajibu poa, wanapita. Msichana wa mjini amchuchumalie Msukuma wa kulimia watu mashamba? Kwa lipi? Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba yeye mwenyewe, mwaka ule wa kwanza, alikuwa anampigia Maganga makofi yale yale kila anaporudi na maksai wake. Aliacha lini? Alijaribu kukumbuka pale penye mikaratusi, hakukumbuka. Akarudi nyumbani analia bila kujificha.

Maganga alirudi kabla hata Herieth hajalala.

"Mpira umekwishaje?" Epifania akauliza, mgongo amempa.

"Sare. Hakuna aliyefunga."

Kongo na Stars walikuwa bado hawajavaa jezi. Epifania alijifunika shuka mpaka kichwani. Alikuwa amempata, ameshika kamba yote mkononi, na kesho angeivuta.

Lakini kesho ilikuja na mambo yake. Raymond alikuwa kwenye ngazi, macho mekundu. "Bila bila," akasema. "Tumetoka. Pointi mbili, dada. Hatujawahi kupata mbili, lakini tumetoka."

"Bila bila?"

"Hakuna aliyefunga."

Epifania akakaa juu ya gunia la dagaa. Huyu sasa hakuwa mwongo tu. Alikuwa mwongo anayejua matokeo kabla mpira haujaanza. Na hapa ni Sumbawanga, mji ambao nchi nzima inatutania kwamba radi tunaiagiza kama soda. Epifania huwa anawacheka wanaosema hivyo, anawaambia mbona hamuagizi na nyinyi. Asubuhi hiyo hakucheka. Alimkumbuka Maganga zizini, uso juu, midomo inacheza. Alikumbuka shati. Alikumbuka shangazi. Kila kitu kilijipanga chenyewe, kikakaa sawasawa: kuna mwanamke, na kuna dawa, na yeye Epifania ndiye anayelishwa.

Raymond alipoambiwa yote alisugua shingo kwa taulo la kunyolea. "Muulize tu, dada."

"Nimuulize aniambie mpira?"

"Muulize hivyo hivyo."

Hakumuuliza. Heshima yake ilikuwa imeshaliwa nyumbani, alitaka ipate mashahidi.

Jumamosi asubuhi jumuiya yao ilisali kwa mwenyekiti, Mama Rozina, mwanamke mnene, wa haki, anayeweza kunyamazisha mbwa kwa kumwangalia. Walikuwa wamejaa sebuleni, wengine kwenye mkeka. Kwenye kona alikaa mzee mmoja mgeni, koti la kijivu, kofia magotini. Mama Rozina akasema mgeni atatambulishwa baada ya sala, kwenye matangazo, kama kawaida. Wakaimba, wakasoma Injili, wakafika kwenye nia. Mmoja akaombea mvua isiwe ya mawe. Mwingine akaombea mtoto wake aliyeko chuoni. Ndipo Epifania akasimama.

"Naomba mniombee," akasema. "Mwanaume ninayeishi naye ana mwanamke. Kila Jumatano na Jumapili anavaa vizuri ananiambia anakwenda kuangalia Stars. Nimemfuata. Anaingia nyumba moja njia ya Malangali, msichana anamfungulia anampigia na makofi kama mumewe. Na ana mambo mengine ya giza ambayo siwezi kuyasema mbele ya Injili. Miaka yote nimekaa kwenye benchi nikiwapisha nyinyi mwende kupokea, kwa ajili yake. Sasa nimechoka."

Akaketi. Wanawake wawili wakamshika mabega. Mtu akasema, "Yesu wangu." Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Epifania alihisi kifua chepesi, na nisimsingizie, alihisi na utamu kidogo.

Yule mzee wa koti la kijivu alisimama bila kungoja matangazo.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele, amina."

"Mimi naitwa Polikarp. Ni katekista wa kigango cha jirani. Nyumba hiyo ya njia ya Malangali ni yangu. Aliyefungua mlango ni binti yangu, Agnesi. Sisi nyumbani kwetu mgeni anapokewa hivyo, awe diwani, awe mlimaji. Maganga anasoma mafundisho kwangu tangu mwaka juzi. Zamani alikuwa anakuja mchana. Msimu huu wa kilimo tukahamishia jioni. Aliniomba nisimwambie mtu, maana aliwahi kushindwa, akasema hataki kumpa mke wake furaha ya mkopo. Juzi padre amemuuliza maswali, amejibu yote. Leo nimekuja kuomba neno la jumuiya hii, ili abatizwe Pasaka, na wiki inayofuata hawa wawili wafunge ndoa."

Jikoni ulisikika mchele wa Mama Rozina unachemka.

Epifania alijua utaratibu, amekuwa ndani ya jumuiya za namna hiyo tangu ni msichana. Mtu mzima habatizwi mpaka jumuiya yake iseme anaishi vizuri na wa nyumbani kwake. Na wa nyumbani kwake alikuwa ameshasema.

"Nafuta maneno yangu," akasema. "Nimekosea. Nafuta yote."

"Epifania," akasema Mama Rozina taratibu, "ulichosema umekiona, au umekihisi?"

"Nimekihisi."

"Alisema amemfuata," akaingilia mzee Sebastiani, ambaye hajawahi kukaa kikao kizima bila swali. "Alisema ameona kwa macho. Sasa ameambiwa kuna harusi, amefuta. Sisi tushike lipi? Na hayo mambo ya giza je?"

"Hakuna giza! Ni mpira tu! Alisema sare na ikawa sare!" Epifania alilia, na kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kujifunga. Hata yeye alijisikia anavyoonekana, mwanamke anayemfichia mwanaume wake.

"Na huyo binti wa katekista," akaendelea Sebastiani, "ana umri gani?"

Hapo Polikarp aliinua kofia yake. "Kumi na tisa," akasema. "Na jana alikuwa hajulikani na mtu yeyote hapa."

Mama Rozina alijaribu. Alisema Epifania ana machungu, alisema watu wana ndimi. Lakini neno la jumuiya halitoki kwa mtu mmoja, na watu walikuwa wanatazama mkeka. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Tungoje. Tungoje mambo yapoe. Kama si Pasaka hii, ni ya mwakani."

Mlangoni Polikarp alimgeukia Epifania. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Mwambie Maganga kesho asije. Simkatai yeye. Nina binti."

Kufika mchana sokoni ilikuwa imeshajulikana. Raymond alizima mashine yake ya kunyolea, dada yake alipopita. "Umejifunga, dada," akasema, na hakuwa anatania.

Maganga alikuwa uani anatengeneza nira. Epifania alisimama mbele yake akamwambia yote, hakujipendelea hata neno moja, pamoja na kumfuata, pamoja na mikaratusi, pamoja na utamu ule. Maganga aliendelea kufunga kamba mpaka ikaisha. Kisha akaifungua tena.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ungeniambia mpira."

Alifikiri. "Kweli. Ningekuambia mpira."

"Kwa nini, Baba Herieth? Kwa nini hukuniambia?"

"Mara ile uliwaambia watu wote. Nilipotoka kwa padre nilimwona mama yako na mitungi yake. Nikasema safari hii nikishinda ndiyo nikwambie."

"Na Kongo? Ulijuaje?"

Maganga akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepigwa. "Siku ya Zambia nilikuwa kwa katekista, nikasikia kelele, nikajua tumeshinda. Kesho yake shambani wakanicheka sana. Sasa kushinda siwezi kusema tena. Kufungwa nilishasema siku ya Morocco. Kilichobaki ni sare."

Epifania alikaa chini kwenye matope pale pale uani akajifunika uso. Alimuuliza na kuhusu shangazi na yule binti wa bondeni. Maganga alishangaa. Alisema alicheka kwa sababu binti yule ana kengeza na ulimi mkali, na baba yake ana ng'ombe watatu tu, shangazi anatia chumvi. Kisha akaweka nira ukutani.

"Kesho tunakwenda kanisani wote," akasema. "Nimeshachoka kujificha."

Jumapili akavaa shati la bluu, kifungo cha shingo. Watu waligeuka kuanzia mlangoni. Walipokaa, mama mmoja alisogeza mtoto wake upande wa pili. Wakati wa komunyo ulipofika benchi lote likasimama, na Maganga naye akainuka nusu.

"Sisi?" akanong'ona.

"Sisi tunakaa."

Akakaa. Magoti yake yalikuwa marefu, hayakuwa na pa kwenda, akayavuta pembeni kwa mikono miwili kama mkewe alivyofanya, na watu wakapita, mmoja mmoja, wengi bila samahani.

Nje jua lilikuwa limetoka na uwanja umejaa madimbwi. Wanawake wa jumuiya walisimama karibu na mnara wa kengele, wanaongea, wanaangalia. Na katikati ya uwanja, akitoka mlango wa pembeni na kitabu chake cha sala, akaja Agnesi.

Alimwona Maganga. Kwa mazoea magoti yakaanza kukunjika, viganja vikakutana. Kisha akawaona wale wanawake walio karibu na kengele, wote wamenyamaza wakati mmoja. Msichana akanyooka. Akaibana mikono yake kwenye kitabu, akatazama mbele, akapita kama hawajui.

"Agnesi," Epifania akaita.

Alisimama, lakini hakugeuka vizuri. Epifania alimwendea. Alikuwa na kitenge chake cha Jumapili, kile cha maua ya njano, ambacho hakivai siku ya mvua. Kwa umri angeweza kumzaa msichana yule. Akachuchumaa mbele yake, magoti yakazama kwenye dimbwi mpaka maji yakapanda kwenye kitenge, akainamisha kichwa na kupiga makofi. Taratibu, viganja vimekingamana, kama alivyofundishwa Msanzi kumpigia mtu mkubwa.

Hakuna aliyeitikia. Mbele ya kanisa zima yalisikika makofi yake peke yake. Akaendelea kupiga, kichwa chini, anangoja.